Kereng'ende wa Wodi Namba Nne

Kila siku saa moja asubuhi, kabla hajaonja hata chai, Fundi alifungua chumba cha mitungi nyuma ya jengo la kufulia, akachomoa spana mfukoni mwa ovaroli, akaanza kugonga. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye mikono iliyojaa, na kwa miaka kumi na saba yeye ndiye aliyewapelekea wagonjwa wa hospitali ile hewa ya kuvuta. Mtungi wa oksijeni uliojaa ukiugonga hutoa mlio mzito unaokufa palepale. Mtungi mtupu unalia kama kengele, na hauishi kulia. Geji zilikuwepo, lakini Fundi alizitazama baadaye, kwa heshima tu.

Jumanne hiyo aligonga mitungi kumi na miwili, yote ikamjibu mlio mzito. Akaandika ubaoni, akafungua koki kuu, akavuka uwanja kwenda wodi namba nne kumjulia hali baba yake mdogo.

Baba Mdogo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa amechimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja, na vumbi alilolivuta huko chini bado alikuwa nalo kifuani. Huu ulikuwa mwezi wake wa pili wodini. Akipata oksijeni alikuwa mtu wa maneno na mizaha. Akiikosa, midomo yake iligeuka rangi ya wino na hakuweza kumaliza sentensi. Daktari alishamwambia Fundi bila kumung'unya maneno: mzee ataishi kadiri bomba litakavyotoa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umegonga?"

"Nimegonga. Kumi na miwili, yote mizito."

"Haya. Sasa ikifika saa nne uje uniambie imekwenda wapi."

Geji ya wodi ilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha kitanda chake. Tangu mvua zianze, kila siku saa nne kamili mshale wake ulianza kuteremka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi huku akishikilia ukuta, mpaka ukafika kwenye nyekundu. Ulikaa hapo hadi giza liingie. Wagonjwa kumi na sita wa wodi namba nne walinyamaza saa hizo zote, maana kuongea kulikula hewa. Wodi haikuwa imepoteza mtu bado, lakini Mwalimu mstaafu wa kitanda cha jirani alikuwa ameanza kugawa vitabu vyake.

Fundi hakuwa mtu wa kubabaika. Bomba likipungukiwa, linavuja. Likivuja, sabuni italiona. Alikoroga povu katika kopo, akachukua brashi ya kunyolea ndevu, akapaka kila kiungio kuanzia chumba cha mitungi mpaka wodini. Penye tundu, hata dogo la ncha ya sindano, povu lazima litoe kiputo. Alipaka siku tatu, akapanda darini, akatambaa chini ya sakafu, akaibuka na utando wa buibui kichwani. Hakuna kiputo hata kimoja. Na hilo halikumshangaza, maana viungio vyote vya hospitali ile alivichomelea mwenyewe, na kila alipomaliza kimoja alikigonga nukta mbili ubavuni kwa msumari wa chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

"Kiungio changu hakivuji," alimwambia matroni.

"Najua, mpenzi," alisema matroni. "Lakini watu hawavuti viungio."

Kereng'ende alikuja katikati ya juma hilo. Nyuma ya hospitali palikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya jengo ambalo halikujengwa, na kila masika lilijaa maji na kereng'ende, wekundu na wa bluu, urefu wa kidole. Mmoja wa bluu aliruka kupita juu ya uwanja, akaingia kwenye dirisha la ghorofa ya nne ya jengo jipya, lile lenye lifti na mapazia. Alipotoka siku ya pili alikuwa na upana wa sinia. Siku ya nne alikuwa sawa na mkono mzima wa mtu mzima. Jumatatu iliyofuata, mlinzi wa jengo jipya, mtu makini asiyeruhusu chochote kupita bila maandishi, aliandika katika daftari lake: *Saa 9:10. Ametoka kereng'ende mmoja. Upana: mlango.*

Watu walimzoea upesi, kwani alikuwa na adabu. Akipita karibu na mapokezi, karatasi ziliruka, basi wahudumu wakaleta mawe ya kuzikandamizia. Waliokuwa wakianika mashuka waliona yanakauka haraka zaidi, wakawa wanaulizana asubuhi kama ameshapita. Matroni alitoka mara moja akamwambia asitumie ujia wa chakula, atumie ule wa pembeni, na tangu siku hiyo akatumia wa pembeni.

Baba Mdogo alimwona dirishani kabla ya saa nne, wakati bado ana pumzi ya kusema.

"Huyo namfahamu," alisema.

"Umemfahamu wapi, Baba?"

"Chini. Mwaka wa tisa wa kazi yangu tulipasua bonge la makaa, ndani tukakuta bawa. Bawa zima, na vijishipa vyake vyote, limelala mle kama ua lililosahauliwa kwenye kitabu. Kwa mabawa yote alikuwa hivi." Akanyoosha mkono wake wote, mrija wa pua ukavutika. "Mpima miamba akatuambia ni wa ukoo wa kereng'ende. Wa zamani, kabla ya ndege, kabla ya mjusi mkubwa. Nikamuuliza, sasa ilikuwaje wakawa wakubwa hivyo, walikula nini? Akasema, siyo kula, mzee, ni hewa. Enzi hizo hewa ilikuwa na nguvu. Mdudu hana mapafu, anavuta kwa vitundu vya ubavuni, na kwa hewa hii yetu hawezi kukua akapita kidole, atakosa pumzi. Ile ya zamani ilimtosha mpaka ndani."

"Sasa huyu?"

"Huyu amempita yule wa kwenye makaa mara mbili. Maana yake anakolala kuna hewa kuliko ya zamani." Baba Mdogo akavuta pumzi, akaitumia yote. "We fundi gani? Acha kupaka sabuni. Mfuate mdudu."

Fundi alijiona mjinga, na hakuona aibu kuwa mjinga mbele ya mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alichukua spana na ngazi, akavuka uwanja.

Lifti ilikuwa ya wageni, kwa hiyo alipanda kwa miguu. Ghorofa ya kwanza alihema. Ya pili alihema kidogo. Ya tatu miguu ilikuwa myepesi, na ya nne alifika akiwa na nguvu za kushuka na kupanda tena, ngazi begani, na wimbo wa shuleni alioudhani ameusahau ukimjia wote, beti kwa beti.

Mlango ulikuwa na kibao: *Chumba cha Kuburudika. Wageni Waalikwa Tu.* Ndani, watu wanane wenye afya njema walijilaza kwenye viti virefu, wamevaa majoho meupe, wanapumua. Hawakuwa wakifanya kitu kingine. Juu ya dari palikuwa na wavu uliotoa sauti ndogo, ssss, na sauti hiyo Fundi aliijua kama anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Kereng'ende alikuwa amening'inia kwenye fimbo ya pazia, ubavu wake ukifunguka na kufungika. Mfagizi alikuwa anamsukuma mende wa ukubwa wa sahani atoke chini ya meza.

"Hawa ndio wananichosha," mfagizi alimwambia Fundi. "Huyo wa juu hana shida. Juzi walikuwa na sherehe ya kuzaliwa, mshumaa ukaisha kabla hawajamaliza mstari wa kwanza."

"Chumba hiki kinafunguliwa saa ngapi?"

"Saa nne, kila siku, tangu mvua zianze."

Fundi alisimamisha ngazi, akaomba radhi kwa mama mmoja aliyekuwa chini yake, akasukuma ubao wa dari. Bomba la shaba lilipita pale, limechepuka kutoka kwenye bomba kuu. Akamulika tochi kwenye kiungio. Kilikuwa kazi safi ya kukata na shoka, hakikuwa na tone la ziada. Ubavuni kilikuwa na nukta mbili.

Alikumbuka. Miaka mitatu iliyopita, jengo likiwa bado kuta tupu, Mkurugenzi wa hospitali alimwambia chumba hiki ni cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Fundi alikichomelea kiungio kile kwa moyo wake wote. Alikisugua kwa kitambaa, akakipaka sabuni mara tatu badala ya mara moja, kwa sababu mtoto wa kilo moja hawezi kusubiri. Hakuwahi kurudi kukikagua. Kitu kisichovuja unakikagua cha nini? Sasa alisimama juu ya ngazi, uso ukimwaka, na akasikia hasira ya kutaka kung'oa lile bomba kwa meno. Alikuwa amemkaba baba yake koo kwa mikono yake mwenyewe, na kazi ilikuwa nzuri.

Akafunga koki iliyokuwa kando ya kiungio. Ile ssss ikakatika. Akashuka, akakunja ngazi, akaaga.

Alipofika wodi namba nne mshale ulikuwa umesimama kwenye kijani kama askari. Saa saba mchana Baba Mdogo alikula sahani nzima akaomba nyingine. Saa nane alitembea mpaka mlangoni na kurudi, akatoa maoni juu ya viatu vya kila aliyepita. Mwalimu alianza kuwadai watu vitabu vyake. Wodi nzima iliongea mpaka taa zikazimwa, kelele kama soko, na matroni hakumnyamazisha mtu.

Huko juu, wageni walipiga miayo. Na kereng'ende, hewa ilipomwishia, alishuka kutoka kwenye fimbo ya pazia, akazunguka majengo yote akitafuta, akalipata dirisha la wodi namba nne. Alilala usiku kucha juu ya kabati la dawa, amekunja miguu.

Hali hiyo ilidumu siku moja na nusu. Mchana wa siku ya pili Mkurugenzi alimwita Fundi ofisini. Alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti, na alimkaribisha kiti.

"Fundi wangu. Hakuna asiyejua kwamba wewe ni nguzo hapa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Mkurugenzi. Uliniambia ni chumba cha watoto."

"Kilikuwa cha watoto. Kwenye mpango." Akapanga kalamu zake. "Wale wageni ndio wanaoamua kama hospitali hii itakuwepo mwakani. Wakitoka pale wanajisikia vizuri. Wakijisikia vizuri wanatukumbuka. Nikiwafungia wao, nimewafungia wote."

"Wodi namba nne wana midomo ya bluu."

"Nimeandikiwa taarifa, na inasikitisha sana." Na kwa kweli alionekana anasikitika. "Lakini taarifa hiyohiyo inasema hakuna aliyefariki."

Jioni hiyo koki ya darini ilifunguliwa na kutiwa kufuli, na ufunguo ukaingia katika mfuko wa koti la Mkurugenzi. Fundi alifikiria kumhamisha mzee. Hospitali nyingine ilikuwa safari ya saa sita kwa gari, na Baba Mdogo hakuwa na saa sita.

Kesho yake saa nne mshale ukashuka. Saa tano wodi ikanyamaza. Saa sita kamili, kereng'ende akaingia dirishani.

Alikuwa amerudi kulala juu, kwenye hewa yake, lakini njia ya wodini alishaijua. Alisimama hewani katikati ya vitanda, mabawa yakivuma, kisha akatua kwenye chuma cha kitanda cha Baba Mdogo, akafungua vitundu vyote vya ubavuni. Hewa aliyoibeba ikatoka. Ilikuwa baridi, ina harufu ya mvua. Midomo kumi na sita ikarudi rangi yake. Alikaa robo saa, akajikusanya, akaondoka. Saa kumi jioni akarudi tena.

"Anachota," alisema Baba Mdogo. "Anachota kule, anamwaga hapa. Yule wa kwenye makaa hakupata nafasi ya kutufanyia hivi, maskini. Tulimpasua tu."

Wodi ilimpokea kama zamu. Mwalimu alimtolea kiti chake asubuhi, ingawa hakukitumia. Muuguzi alimweka kwenye ratiba ukutani, chini ya mgawo wa dawa: *Saa 6, kereng'ende. Saa 10, kereng'ende.* Na ratiba ya ukutani, kama kila karatasi ya hospitali, ilikuwa na nakala, na nakala ilikwenda kwa Mkurugenzi.

Kadi ya kazi ilimfikia Fundi Ijumaa. *Wodi namba nne: kwa kuwa wodi inahudumiwa na kereng'ende, bomba likatwe na kuzibwa. Hewa itakayookolewa ipelekwe ghorofa ya nne. Usiku, mtungi mmoja wa magurudumu utatosha.*

Alikwenda ofisini na kadi mkononi, hata mlango hakugonga.

"Na asipokuja?"

"Nimeangalia daftari la mlinzi," alisema Mkurugenzi. "Hajawahi kuchelewa. Ningekuwa na wafanyakazi kumi wa namna hiyo."

"Ni mdudu, Mkurugenzi!"

"Ndiyo maana hatujampa mkataba."

Wangemleta fundi wa nje kama angekataa, na fundi wa nje angekata vibaya, akatia takataka katika bomba la wodi zote. Fundi alikata mwenyewe. Alikata Jumamosi saa mbili asubuhi, akaziba, akapaka sabuni, halikutoa kiputo. Nukta mbili hakugonga. Kisha akaenda chumba cha mitungi, akajifungia, akalia kwa sauti, ameegemea mitungi kumi na miwili iliyojaa. Alipomaliza alinawa uso kwenye bomba la wafuaji.

Baba Mdogo hakumlaumu. "Ulikata vizuri?"

"Vizuri, Baba."

"Basi. Ningeona aibu ungekata vibaya."

Kadi ya pili ilikuja siku kumi baadaye. Masika yalikuwa yanaisha, upepo wa baridi umeanza, na wageni wa ghorofa ya nne walikuwa wamelalamika: dirisha analopitia kereng'ende linaingiza baridi, majoho ni mepesi. *Dirisha la Chumba cha Kuburudika lirekebishwe,* kadi ilisema. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuongeza neno. Alikuwa na kadi nyingi siku hiyo.

Fundi aliisoma kadi hiyo mara tatu, akaikunja, akacheka peke yake. Akapanda ghorofa ya nne saa kumi na mbili asubuhi, kabla wavu wa dari haujafunguliwa, wakati hewa ya mle ni kama ya mahali pengine popote na moto hauna hatari. Kereng'ende alikuwa anaamka kwenye fimbo ya pazia. Mabawa yake yalikuwa yamechanika pembeni kidogo, kama kanzu ya mtu anayefanya kazi.

"Endelea tu na mambo yako," Fundi alimwambia.

Alilifungua dirisha mpaka mwisho. Aliwasha moto, akachomelea bawaba ya juu, akachomelea ya kati, akachomelea ya chini, kisha komeo, kisha akaongeza kipande cha chuma ambacho hata nyundo ya mawe isingekiondoa. Ilikuwa kazi safi. Alijaribu kulifunga kwa bega, akaweka uzito wake wote. Halikutikisika. Akachukua msumari na nyundo, akagonga nukta mbili. Kwenye kadi aliandika: *Limerekebishwa.*

Wageni walinunuliwa mablanketi. Hakuna aliyesoma kadi mara ya pili.

Mambo yako hivyo mpaka leo. Ghorofa ya nne wanapumua kuanzia saa nne, na mende wao sasa wana ukubwa wa paka. Geji ya wodi namba nne bado ipo ukutani, mshale umelala kwenye sifuri, na muuguzi anaifuta vumbi kila asubuhi kwa sababu imo katika orodha ya vitu vya kufutwa vumbi.

Mchana Fundi huja kukaa na Baba Mdogo. Wodi imenyamaza. Mzee amelala kwa ubavu, anavuta kidogo kidogo, kama walivyofundishwa mgodini kwa siku ambayo njia ya kutokea imeporomoka. Anainua kidole kimoja. Fundi anajua maana yake, anatazama saa.

"Tisa na nusu, Baba."

Mzee anafumba macho, anahesabu. Nje, dirisha la ghorofa ya nne liko wazi.